Saratani Ikifika Kwenye Ini: Uliza Kwanza Kabla ya Kuuza Shamba

Kuna maneno matatu ambayo familia nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe huyasikia wakiwa wamekaa kwenye benchi la hospitali: imefika kwenye ini. Mgonjwa alianza na saratani ya utumbo mpana, ya titi au ya tumbo. Akapewa dawa, pengine akapasuliwa, akapata nafuu. Miezi ikapita, akapigwa picha nyingine, na sasa daktari anasema kuna madoa kwenye ini.

Baada ya hapo familia hushika moja kati ya njia mbili. Wako wanaomrudisha mgonjwa nyumbani wakiamini kwamba hakuna la kufanywa tena ila kusubiri. Na wako wanaofungua kundi la WhatsApp la mchango, wakauza kiwanja cha Mtwapa au shamba la Kwale, na kukata tiketi ya India kabla hawajajua wanakwenda kutibiwa nini. Kila njia inaweza kuwa sawa kwa mgonjwa fulani. Tatizo ni kuichagua kabla ya kupata jibu la swali hili: je, madoa haya yanaweza kukatwa, kuunguzwa au kukatiwa damu, na yakifanyiwa hivyo, mgonjwa huyu atafaidika?

Katika miaka ya karibuni madaktari wamepata njia za kutibu uvimbe wa ini bila kupasua tumbo kutoka kifuani hadi kitovuni. Njia hizi hupitia matundu madogo, sindano au mshipa wa damu, na mara nyingi huunganishwa pamoja na dawa. Makala haya yanaeleza zinavyofanya kazi, zinamfaa nani, hazimfai nani, na sisi wa Mombasa bara tuanzie wapi.

Mgeni ndani ya ini

Kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo huchanganywa sana. Saratani ya ini yenyewe huanza kwenye chembe za ini. Hapa Afrika Mashariki visababishi vyake vikubwa ni virusi vya homa ya ini aina ya B na C, pombe, na aflatoksini, ile sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na njugu zilizohifadhiwa na unyevu.

Saratani iliyohamia kwenye ini ni jambo jingine. Saratani ya utumbo ikihamia huko hubaki kuwa saratani ya utumbo. Ukitazama chembe zake kwa darubini utakuta ni za utumbo, na dawa zinazoitibu ni dawa za saratani ya utumbo. Ndiyo maana daktari atakuuliza karatasi ya kipimo cha kwanza cha kinyama, kile wanachokiita biopsi, hata kama kilifanywa miaka mitatu iliyopita. Ukiipoteza karatasi hiyo, huenda mgonjwa akalazimika kuchomwa sindano nyingine ili kujua kitu ambacho tayari kilishajulikana.

Kwa nini ini hasa? Fikiria bandari ya Kilindini. Kila kontena inayoshuka lazima ipite forodhani ikaguliwe kabla haijatoka kwenda Nairobi au Kampala. Ini ndilo forodha ya mwili. Damu yote inayotoka kwenye utumbo, tumbo na kongosho hupitia humo kwanza kabla ya kuendelea kwenye moyo. Chembe za saratani zikichomoka kwenye utumbo na kuingia ndani ya damu, kituo cha kwanza zinachokutana nacho ni ini, na baadhi hukwama hapo na kuanza kuota. Ndiyo maana saratani ya utumbo mpana inaongoza kwa kuhamia kwenye ini. Nyingine zinazofika huko mara kwa mara ni za titi, kongosho, tumbo, mapafu, na aina moja isiyo ya kawaida inayokua polepole iitwayo nyuroendokrini.

Mishipa miwili, na siri ya matibabu

Ini lina jambo la pekee. Hupata damu kutoka kwa mishipa miwili. Takriban robo tatu ya damu yake huja kwa mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo, uitwao mshipa wa lango. Robo iliyobaki huja kwa ateri inayotoka upande wa moyo.

Uvimbe wa saratani hupenda zaidi ile ateri. Hunyonya sehemu kubwa ya chakula chake huko, wakati ini lenye afya hutegemea zaidi mshipa wa lango. Kwa hiyo ukiweza kuziba tawi la ateri linaloulisha uvimbe, uvimbe unashinda njaa na ini linaendelea kuishi.

Jambo la pili la pekee ni kwamba ini huota tena. Mtu mwenye ini zima anaweza kukatwa zaidi ya nusu yake, na kipande kilichobaki kikakua katika wiki na miezi inayofuata. Lakini ini lililochoshwa na kemo ya muda mrefu, pombe au homa ya ini halina nguvu hizo, na daktari atalazimika kuacha kipande kikubwa zaidi.

Njia nne ndogo

Njia ya kwanza ni upasuaji wa matundu, laparoskopi. Badala ya kufungua tumbo lote, daktari hutoboa matundu machache, akaingiza kamera na vifaa virefu, kisha akakata kipande chenye uvimbe. Huko Oslo, Norway, wagonjwa 280 wenye saratani ya utumbo iliyohamia kwenye ini waligawanywa makundi mawili. Matokeo ya 2018 yalionyesha kwamba waliopasuliwa kwa matundu walipata matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 19, na waliofunguliwa tumbo kwa asilimia 31. Muda wa kulazwa pia ulipungua, kutoka siku nne hivi hadi siku mbili na kidogo.

Njia ya pili ni kuunguza, ambayo madaktari huiita ablesheni. Wazee walisema dawa ya moto ni moto. Mgonjwa hulazwa usingizi, kisha sindano ndefu nyembamba huingizwa kupitia ngozi mpaka katikati ya uvimbe, daktari akiangalia njia kwa picha ya altrasaundi au CT. Ncha ya sindano hutoa joto la mawimbi ya redio au ya maikrowevu. Joto likipita nyuzi 60 chembe hufa papo hapo. Kila doa huchukua dakika chache tu. Daktari huunguza uvimbe pamoja na ukingo mwembamba wa ini lenye afya kuuzunguka, ili asiache mbegu nyuma.

Njia hii ina mipaka yake. Hufanya kazi vizuri zaidi uvimbe ukiwa hauzidi sentimita 3. Doa likiwa limeegemea mshipa mkubwa wa damu, damu inayopita huupoza moto kama maji ya bomba yanavyopoza chuma, na chembe zingine zinaweza kunusurika. Likiwa karibu na mrija wa nyongo, joto linaweza kuuharibu mrija huo.

Njia ya tatu hupitia ndani ya mshipa. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye kinena au kifundo cha mkono, akaingiza mpira mwembamba kuliko mrija wa kalamu, na kuusukuma ndani ya mshipa hadi kwenye ateri ya ini huku akitazama kwenye skrini. Ufundi huu wa kuingia mshipani bila kupasua ulibuniwa na Msweden Sven-Ivar Seldinger mwaka 1953, na hadi leo ndio unaotumika. Akifika kwenye tawi linaloulisha uvimbe, daktari humwaga dawa ya kemo hapo hapo, kisha akaziba tawi kwa vipunje vidogo. Mgonjwa anaweza kupata homa, maumivu na kichefuchefu kwa siku kadhaa baadaye, na familia isiogope kwani mara nyingi hiyo ni dalili ya uvimbe unaokufa. Hata hivyo homa ikizidi, au ikija na kutetemeka, mrudisheni hospitalini siku hiyo hiyo, maana jipu linaweza kuota ndani ya ini. Kuna pia aina ambayo vipunje hubeba mionzi badala ya dawa.

Ya nne ni mionzi ya kulenga kutoka nje ya mwili. Mashine hupiga uvimbe kutoka pembe nyingi, kila mwale ukiwa dhaifu, na mahali miale yote inapokutana ndipo nguvu inapokuwa kubwa. Hakuna kisu wala sindano. Mgonjwa huja mara chache, analala kwenye meza, anarudi nyumbani.

Kwa nini ziunganishwe

Kila njia hapo juu ina mahali inaposhindwa. Kisu hakiwezi kufuata madoa yaliyotawanyika pande zote za ini. Moto hauwezi uvimbe mkubwa. Kuziba mshipa peke yake mara nyingi hakumalizi uvimbe wote. Na hakuna hata moja inayoweza chembe zinazozunguka kwenye damu ambazo bado hazionekani kwenye picha. Kazi hiyo ni ya dawa, yaani kemo na dawa mpya za kulenga.

Chukua mfano wa mgonjwa mwenye saratani ya utumbo na madoa manne kwenye ini: moja kubwa upande wa kulia, na matatu madogo yaliyotawanyika. Zamani angeambiwa haiwezekani, kwa sababu kuyakata yote kungemwacha na ini dogo mno. Leo timu ya madaktari inaweza kumpa kemo miezi miwili au mitatu ili madoa yapungue, kisha katika operesheni moja wakakata lile kubwa na kuunguza yale madogo, kisha wakamalizia na kemo. Ikiwa ini litakalobaki ni dogo, wanaweza kwanza kuziba mshipa wa lango upande wenye ugonjwa. Damu huhamia upande wa pili, na baada ya wiki chache upande huo umenenepa vya kutosha kubeba mwili.

Ushahidi upo. Utafiti mmoja wa Ulaya ulifuata wagonjwa 119 ambao madoa yao hayangeweza kukatwa. Nusu walipewa kemo peke yake, nusu kemo pamoja na kuunguzwa. Matokeo yaliyotoka 2017 yalionyesha kwamba baada ya miaka 8, waliokuwa hai katika kundi la kemo peke yake walikuwa asilimia 9 hivi. Katika kundi lililounganisha njia mbili walikuwa asilimia 36. Kundi lilikuwa dogo, lakini tofauti ni kubwa. Utafiti mwingine ulioongozwa na madaktari wa Uholanzi, uliochapishwa 2025, ulilinganisha kisu na moto kwa madoa yasiyozidi sentimita 3. Ulisimamishwa mapema kwa sababu moto ulionekana hauko nyuma ya kisu, tena wenye madhara machache: asilimia 19 walipata matatizo, dhidi ya 46 kwa waliopasuliwa.

Lakini kuunganisha hakumaanishi kurundika. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,103 waliopewa kemo ya mwanzo, nusu yao wakiongezewa vipunje vya mionzi kwenye ini. Walioongezewa hawakuishi muda mrefu zaidi ya wenzao, ingawa matibabu yao yalikuwa ghali na mazito zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa kuna tiba mpya ya kuongeza, ni haki yako kuuliza imemsaidia nani mwenye hali kama ya mgonjwa wako.

Inamfaa nani?

Wanaofaidika zaidi ni wenye saratani ya utumbo mpana na wale wa nyuroendokrini, hasa ikiwa ugonjwa uko kwenye ini tu, madoa ni machache, na mgonjwa bado ana nguvu za kutembea na kujihudumia. Katika hospitali kubwa za dunia, takriban wagonjwa 4 kati ya 10 wa saratani ya utumbo waliochaguliwa vizuri na kukatwa madoa ya ini huwa hai miaka 5 baadaye. Miaka 5 ni mtoto kumaliza sekondari na kuingia chuo. Si jambo la kupuuzwa.

Kwa saratani ya titi, dawa ndizo msingi, na kuunguza au kukata hufikiriwa kwa wachache. Kwa saratani ya kongosho iliyofika kwenye ini, njia hizi kwa kawaida hazirefushi maisha, na mtu anayekuuzia safari ya mbali kwa ajili hiyo anastahili kuulizwa maswali magumu. Vivyo hivyo ikiwa ugonjwa umeshatawanyika kwenye mifupa na tumbo zima, au ini limeshindwa na macho yamekuwa manjano bila kizuizi kinachoweza kufunguliwa.

Hii ndiyo sababu jibu haliwezi kutolewa na daktari mmoja anayesoma ripoti ya kurasa mbili. Hutolewa kwenye kikao ambapo daktari wa saratani, mpasuaji wa ini na daktari wa picha wanatazama picha zenyewe pamoja. Ripoti ikisema "madoa mengi kwenye ini", mpasuaji anaweza kuiangalia picha na kuhesabu matano, yote yanayofikika.

Tuanzie wapi?

Kwa mkaazi wa Changamwe mlango wa kwanza ni Port Reitz. Wa Likoni ana Mrima, wa Kisauni ana Mlaleo. Kutoka hapo mgonjwa huandikiwa rufaa hadi Coast General, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ambako kuna kliniki ya saratani na kemo hutolewa bila kupanda SGR kwenda Nairobi. Anayevuka feri ya Likoni akiwa ametoka kupigwa kemo anajua hilo peke yake ni safari, lakini angalau analala kwake.

Kwa njia ndogo tulizozieleza, mara nyingi itabidi rufaa iende Nairobi. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ina madaktari wa picha wanaotibu kwa sindano na mipira. Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina kituo cha picha za PET, zinazosaidia kujua kama ugonjwa uko kwenye ini tu au umetapakaa, na ina mashine ya CyberKnife ya mionzi ya kulenga.

Kuna pia jambo la kutia moyo kwa majirani zetu. Hadi miaka michache iliyopita, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam haikuwa na huduma kamili ya aina hii, ingawa Tanzania ina watu zaidi ya milioni 60. Kuanzia 2018 madaktari na wauguzi kutoka Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani na kwingineko walianza kuja kwa zamu, wakikaa wiki kadhaa na kufundisha kazini. Oktoba 2019 Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili kikafungua mafunzo yake ya miaka miwili, na wahitimu wake sasa wanafanya kazi hizo wenyewe. Hawakuanza kwa kujenga jumba jipya. Walianza na mashine zilizokuwepo, sindano, mipira, na watu waliokuwa tayari kufundishwa.

Somo hilo linaihusu Mombasa moja kwa moja. Serikali ya kaunti na hospitali ya rufaa zinaweza kuanza na hatua mbili ambazo hazihitaji mabilioni. Kwanza, kikao cha kila wiki cha madaktari wa saratani kwa njia ya video na wapasuaji wa ini wa Nairobi, ambapo picha za kila mgonjwa mwenye madoa ya ini zitatazamwa kabla hajaambiwa aende nyumbani. Pili, kumpeleka daktari mmoja au wawili wa picha wakasomee kazi ya sindano na mipira, hata ikiwa ni Dar es Salaam, ambako kutoka Likoni ni safari ya basi ya siku moja kupitia Lunga Lunga na Horohoro. Ujuzi huo huo hutumika kutoa usaha, kufungua figo zilizoziba na kuzuia damu kwa mama aliyejifungua. Hautakaa bure.

Upande wa pesa

Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya taifa ni ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na ajira rasmi hupimwa uwezo wake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, hulipwa kwa mwaka. Mpango ulipoanza, familia iliwekewa shilingi 400,000 kwa mwaka kwa matibabu ya saratani, na zikiisha, nyingine 150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu. Viwango hivi hurekebishwa, hivyo uliza dawati la SHA la hospitali ni kiasi gani mwaka huu, na kimebaki kiasi gani kwenye jina la familia yako.

Muhimu zaidi: usianze kulipa malipo hayo ya mwaka siku mgonjwa anapolazwa. Na kabla ya kufanyiwa ablesheni au kuzibwa mshipa, hospitali iombe idhini kwa maandishi ili mjue bima italipa nini na familia itaongeza nini. Mchango wa harambee uitishwe baada ya kupata hesabu hiyo. Mtu anayechangia shilingi mia mbili kutoka Kongowea anastahili kujua pesa zake zinanunua tiba gani.

Maswali ya kubeba

Andika haya kwenye karatasi, na mtu mmoja wa familia aende nayo:

1. Saratani hii imetoka wapi, na karatasi ya biopsi iko wapi?
2. Madoa ni mangapi, kubwa zaidi lina sentimita ngapi, na yako sehemu gani ya ini?
3. Je, kuna ugonjwa mahali pengine nje ya ini?
4. Ini lenyewe lina nguvu kiasi gani?
5. Je, picha zimetazamwa na mpasuaji wa ini na daktari wa picha anayetibu, au ni ripoti tu iliyosomwa?
6. Je, madoa yanaweza kukatwa au kuunguzwa sasa? Kama hapana, je, yakipungua kwa kemo yataweza, na tutapiga picha tena lini?
7. Lengo la tiba hii ni kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza maumivu?

Omba picha za CT kwenye sidi, si karatasi ya ripoti peke yake. Ukitaka maoni ya daktari wa pili, iwe Nairobi, Dar au India, sidi inaweza kutangulia kabla ya mgonjwa. Kuna familia zimesafiri maelfu ya kilomita kwenda kuambiwa jambo ambalo lingejulikana kwa kutuma picha.

Swali la saba ni gumu, na Wapwani wengi tuna tabia ya kumficha mgonjwa. Mwanangu asimwambie mama, mama asimwambie baba. Lakini mgonjwa anayejua lengo huchagua mwenyewe, na ana mambo yake ya kupanga: madeni, wasia, watu wa kuombana radhi.

Dua, mitishamba na hospice

Dua na dawa hazigombani. Msomee mgonjwa wako, mwombee msikitini au kanisani. Lakini chukua tahadhari na mitishamba ya kunywa wakati wa kemo. Dawa nyingi husafishwa na ini, na ini hilo tayari lina kazi kubwa. Mizizi usiyoijua kipimo chake inaweza kulidhuru hadi kemo isimamishwe na upasuaji uahirishwe. Ukiitumia, mwambie daktari bila haya. Na kwa Mwislamu aliye kwenye kemo, suala la kufunga Ramadhani lizungumzwe na daktari na shekhe mapema.

Ikiwa jibu la kikao ni kwamba kukata au kuunguza hakutasaidia, matibabu hayajaisha. Coast Hospice hapa Mombasa huwahudumia wagonjwa kama hawa, kwa dawa za maumivu ikiwemo mofini, na kwa kuifundisha familia namna ya kumtunza nyumbani. Mofini ikitolewa kwa kipimo na daktari haimuui mgonjwa. Humwezesha kulala usiku. Tena si lazima kusubiri mwisho. Hata anayeendelea na kemo anaweza kuonana nao.

Kabla haijafika huko

Kwa mujibu wa makadirio ya kimataifa ya 2022, Kenya hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000 kwa mwaka na vifo zaidi ya 29,000. Wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Saratani ya utumbo ina dalili ambazo sisi huziita bawasiri na kuzinyamazia: damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki nyingi, tumbo kujaa, kukonda bila sababu, upungufu wa damu kwa mwanamume au mwanamke aliyekoma hedhi. Damu kwenye choo kwa mtu mzima ikaguliwe, hata ikiwa bawasiri kweli ipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kwa yule ambaye tayari ameambiwa imefika kwenye ini: usitoke pale hospitalini na maneno matatu peke yake. Rudi na karatasi yako ya maswali, omba picha zitazamwe na timu, na upewe jibu lenye sababu. Huenda likawa la kukata, la kuunguza, la dawa, au la kutuliza maumivu. Lolote litakalokuwa, familia itaamua kuhusu safari, shamba na mchango ikiwa inajua inalipia nini.